Skrubu, waya au bamba? Kisa cha mguu wa kulia wa Kevin Durant

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wagonjwa waliopasuliwa mguu ni hili: "Dokta, si nimeshawekewa chuma? Mbona bado natembelea magongo?" Ni swali la haki. Mtu amelipa, amelazwa, amechanwa, na kwenye picha ya eksirei anaiona skrubu imekaa ndani ya mfupa kama msumari ndani ya mbao. Kwake kazi imekwisha. Kisa ninachokichambua hapa kinalijibu swali hilo vizuri kuliko maelezo yangu ya kliniki, na kila hatua yake ilitangazwa hadharani. Ni mguu wa kulia wa Kevin Durant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, kati ya Oktoba 2014 na Machi 2015.

Durant alikuwa na miaka 26, ndiyo kwanza ametoka kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa msimu wa 2013/14, msimu aliofunga wastani wa pointi 32 kwa mchezo. Hakuangukiwa na mtu wala hakukanyagwa. Alilalamika maumivu ya mguu baada ya mazoezi, akapigwa picha, na tarehe 12 Oktoba 2014 klabu yake, Oklahoma City Thunder, ikatangaza kwamba amevunjika, na kwamba ni mvunjiko wa Jones, yaani ufa kwenye mfupa wa ukingo wa nje wa mguu. Siku nne baadaye alipasuliwa na kuwekewa skrubu. Kufikia mwisho wa Machi mguu huohuo ulikuwa umeingia ukumbi wa upasuaji mara tatu.

Mahali penyewe

Vua kiatu. Pitisha kidole kwenye ukingo wa nje wa mguu, kuanzia kisigino kuelekea kidole cha mwisho. Katikati ya safari utakutana na nundu ngumu, ile inayobanwa na kiatu kipya. Hapo ndipo kitako cha metatarsali ya tano, mfupa mrefu unaobeba kidole kidogo. Sasa songa mbele ya ncha ya nundu kiasi cha sentimita moja na nusu hadi mbili. Umefika mahali Durant alipovunjika. Ni padogo, unaweza kupafunika kwa ukucha wa kidole gumba.

Jina la Jones ni la Robert Jones, daktari wa mifupa wa Liverpool. Alivunjika mwenyewe hapohapo akicheza dansi kuzunguka nguzo ya hema, kisigino kikiwa juu na uzito wote umelalia ukingo wa nje wa mguu. Alidhani amekata kano. Picha ya eksirei, ambayo wakati huo ilikuwa teknolojia changa, ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Mwaka 1902 akaandika makala akieleza kisa chake pamoja na vya wengine. Ninalipenda jambo hili kwa sababu linaonyesha tangu mwanzo kwamba mfupa huu hauhitaji ajali kubwa ili uvunjike. Unahitaji uzito uliokaa vibaya kwa sekunde moja, au uzito wa kawaida uliorudiwa mara elfu nyingi.

Mivunjiko ya kitako hiki tunaigawa katika kanda tatu, na hapa ndipo ulinganisho wowote wa mbinu za upasuaji unapotakiwa kuanzia. Kanda ya kwanza ni ncha ya nundu yenyewe. Kano ya peroneasi brevisi (msuli wa upande wa nje wa mguu) na utando wa chini ya mguu hushikilia hapo, na mguu ukipinda kwa ndani hung'oa kipande cha mfupa. Huu ndio mvunjiko wa kawaida kabisa, na karibu wote hupona kwa kiatu kigumu na subira. Kanda ya pili ndiyo ya Jones: ufa unakatiza na kuingia kwenye kiungo kati ya metatarsali ya nne na ya tano. Kanda ya tatu iko mbele zaidi, mwanzo wa kiwiliwili cha mfupa, na huko ndiko ufa wa uchovu, yaani ule unaoletwa na uzito uliorudiwa mno, unakoanza kwa wakimbiaji na wachezaji.

Kinachotofautisha kanda ya pili na ya kwanza ni damu. Mshipa mkuu unaolisha kiwiliwili cha mfupa huingia katikati na kurudisha tawi lake nyuma kuelekea kitako. Kitako chenyewe kina mishipa yake midogo inayoingia kutoka pembeni. Mikondo hii miwili inakutana karibu kabisa na mahali mvunjiko wa Jones unapotokea, na pale inapokutana kila mmoja umeshakuwa mwembamba. Ni kama shamba lililo mwisho wa mfereji: wa juu wakishamwagilia, wewe unapata tope. Ufa ukipita hapo, tawi linalotoka katikati linakatika, na upande mmoja wa mvunjiko unabaki na njaa. Kwa hiyo mvunjiko ambao kwenye picha ni mstari mwembamba tu, usiohama hata milimita, unaweza kukaa miezi bila kuunga, wakati mvunjiko wa kutisha wa mfupa mwingine umeshapona na mtu amerudi shambani.

Kilichokuwa mezani

Njia ya kwanza ilikuwa kutopasua: kufunga plasta, au hogo kama watu wanavyoiita, wiki sita hadi nane bila kukanyaga, kisha kuangalia. Kwa mtu asiyecheza kwa kulipwa bado ni chaguo halali. Lakini utafiti mmoja wa mwaka 2005 uliwagawa watu 37 wenye mvunjiko mpya wa Jones kwa kura, 18 plasta na 19 skrubu. Katika kundi la plasta 8 walishindikana, ama kwa mfupa kutounga, ama kuchelewa, ama kuvunjika tena. Katika kundi la skrubu alishindikana mmoja. Nusu ya waliowekewa skrubu walirudi michezoni kufikia wiki ya 8. Wa plasta ilikuwa wiki ya 15. Ni utafiti mdogo, lakini ulifuata kura, na namba zake ndizo zilizofanya plasta isizungumzwe kabisa kwa mchezaji wa kiwango cha Durant.

Waya za Kirschner, yaani pini nyembamba za chuma zinazochomekwa ndani ya mfupa, zinafaa mifupa mingi ya mguu. Zinapatikana kila mahali, ni rahisi, na zinatolewa kliniki bila kurudi ukumbini. Metatarsali ya pili hadi ya nne ikivunjika na kuhama, waya mmoja uliopitishwa ndani unatosha mara nyingi. Kwa Jones sizitaki. Waya ni laini mno kuzuia mfupa usizunguke, haubani pande mbili zikutane, na ukianza kulegea unatembea wenyewe kutoka nje.

Waya wa mkazo, ule unaofungwa kwa umbo la namba nane juu ya pini mbili, una mahali pake: kanda ya kwanza, pale kipande cha nundu kilipong'olewa na kuvutwa mbali. Kazi yake ni kugeuza nguvu ya kano inayovuta iwe nguvu inayobana. Tatizo ni kwamba ukingo wa nje wa mguu hauna nyama. Fundo la waya linakaa chini ya ngozi, kiatu kinalisugua, na mgonjwa anarudi akitaka litolewe hata kama mfupa umeunga vizuri.

Skrubu ya ndani ya mfupa ndiyo iliyochaguliwa, na ndiyo inayochaguliwa na wengi hadi leo kwa wanamichezo. Naomba nikae nayo kidogo, kwa sababu neno "skrubu" linaficha maamuzi kadhaa, na kila moja linaweza kuharibu kazi.

Mgonjwa analazwa, mashine ya eksirei ya ukumbini inaletwa karibu na mguu. Mpasuaji anachana sentimita moja au mbili nyuma ya nundu, akijihadhari na tawi la neva ya surali (neva ya hisia za ukingo wa nje wa mguu) linalopita hapo na kano ya peroneasi iliyo jirani. Anatafuta mahali pa kuingilia, na darasani tunafundishwa "juu na ndani", yaani karibu na upande wa juu wa mguu na karibu na mfupa wa jirani, ili waya wa kuongozea uende sawasawa katikati ya mfereji wa uboho. Anapiga picha ya mbele, ya ubavu, ya mshazari. Kisha anatoboa, halafu anaingiza kikata-hesi, chombo kinachochonga njia ya meno ya skrubu, kwa namba ndogo kwanza, akipanda. Kuna dakika moja hapa ambayo haisomwi kwenye picha: unapozungusha kikata-hesi unaona metatarsali nzima inaanza kuzunguka pamoja nacho, na kidole kidogo kinatikisika. Hapo unajua meno yameshika ganda gumu la mfupa. Kabla ya hapo ulikuwa unachezea uboho.

Unene ni uamuzi wa kwanza. Skrubu ya milimita 4.5 ni ndogo kwa wanaume wengi. Kwa mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili kama Durant mtu anafikiria 5.5 au hata 6.5. Urefu ni uamuzi wa pili, na hapa wengi tunateleza, kwa kuwa mikono inatutuma tuamini kuwa chuma kirefu kinashika zaidi. Metatarsali ya tano si fimbo iliyonyooka. Imepinda, na sehemu yake iliyonyooka ni kama milimita 50 tu kutoka kitakoni. Skrubu haipindi. Ukiisukuma kupita mwanzo wa pindo, inalazimisha mfupa unyooke, na mfupa ukinyooka unafunguka upande wa nje, palepale penye ufa. Umekuja kufunga, umefungua. Inatakiwa skrubu iwe fupi ya kutosha kuishia kabla ya pindo, na ndefu ya kutosha ili meno yake yote yavuke ufa.

Uamuzi wa tatu ni kichwa cha skrubu. Nyuma tu ya kitako cha metatarsali ya tano kuna mfupa wa kuboidi, na kati yao kuna kiungo. Ukiingilia ndani sana, au ukiacha kichwa kimechomoza, kila hatua kichwa hicho kinaigusa kuboidi. Ile nasaha ya "juu na ndani" ina bei yake, basi. Ukiifuata kupita kiasi unapata mfereji mzuri na kiungo kilichokereka.

Bamba lilikuwa njia ya mwisho. Linakaa upande wa chini na nje wa mfupa, kwa sababu huko ndiko mfupa unakovutwa ufunguke kila mtu anapokanyaga, na bamba likikaa upande wa mvuto linafanya kazi kama kamba iliyokazwa. Linazuia kuzunguka vizuri kuliko skrubu moja, halijali mfupa umepinda kiasi gani, na linamruhusu mpasuaji aone ufa kwa macho. Linadai kovu refu zaidi na kufunua mfupa ambao tayari una uhaba wa damu, na chuma kinabaki chini ya ngozi nyembamba. Kwa maoni yangu bamba ni chaguo la mfupa uliopinda sana, mfereji mwembamba, au mvunjiko uliokwisha kushindwa na skrubu.

Namna ilivyokwenda

Skrubu iliwekwa tarehe 16 Oktoba. Durant akarudi uwanjani tarehe 2 Desemba dhidi ya New Orleans Pelicans, siku 47 baada ya upasuaji, akafunga pointi 27. Nambari hizo zilisomwa kama ushindi wa upasuaji. Katikati ya Desemba akateguka kifundo cha mguu huohuo wa kulia mchezoni dhidi ya Golden State, akiwa ameshafunga pointi 30 kabla ya mapumziko. Januari na Februari zilikuwa za kuingia na kutoka. Mara acheze, mara maumivu.

Februari 2015 klabu ikaeleza chanzo cha maumivu: kichwa cha skrubu kilikuwa kinasugua kuboidi. Akapasuliwa mara ya pili, skrubu ikabadilishwa. Kwa lugha ya ukumbini huu ni upasuaji mdogo. Kwa lugha ya mfupa nina mashaka na neno "mdogo". Kutoa skrubu na kuingiza nyingine ni kupita tena katika mfereji uleule, kugusa tena uboho uliokuwa umeanza kutulia, na kurudisha nyuma saa ya kupona kwa kiasi fulani, hata kama picha inaonyesha ufa umefunga.

Maumivu hayakuisha. Tarehe 27 Machi klabu ikatangaza kwamba msimu wake umekwisha: mvunjiko wenyewe ulikuwa unaonyesha dalili za kurudi nyuma. Klabu ilisema yumo katika asilimia 5 hadi 8 ya wagonjwa wa Jones ambao upasuaji wa kwanza hauwafikishi mwisho. Tarehe 31 Machi alifanyiwa upasuaji wa tatu New York, katika Hospital for Special Surgery, na safari hii tiba ilikuwa kupandikiza mfupa. Alipewa miezi minne hadi sita kabla ya kurudi kwenye shughuli za kikapu. Alikuwa amecheza michezo 27 kati ya 82. Thunder walimaliza na ushindi 45, sawa na New Orleans, na New Orleans ndio waliopita kwenda mtoano.

Ninachokisoma katika kisa hiki

Ukiuliza mbinu ipi ilishindwa, jibu la haraka ni skrubu. Silikubali. Skrubu haikukatika wala haikung'oka. Tatizo la kwanza lilikuwa la nafasi, kichwa na kuboidi, na hilo linatatulika. Tatizo la pili lilikuwa la baiolojia, na hakuna chuma chochote mezani, iwe skrubu nene au bamba, ambacho kingeleta damu mahali isipofika. Chuma hutuliza pande mbili za ufa ili seli zijenge daraja. Daraja likichelewa, chuma kinabeba mzigo peke yake, na kila hatua inahesabiwa.

Kwa nini basi kipandikizi? Kwa sababu kinaleta kile ambacho skrubu haina: uboho wenye seli hai, mara nyingi ukichotwa kwenye mfupa wa nyonga, na ungaunga wa mfupa unaotoa jukwaa la kujengea. Wapo wanaohoji kwa nini kisiwekwe tangu siku ya kwanza kwa kila mchezaji mkubwa. Mimi naona hoja yao ina uzito pale picha inapoonyesha dalili za zamani: ukingo wa ufa umekuwa mweupe na mgumu, mfereji umeanza kuziba. Hizo ni ishara kwamba mfupa ulikuwa unaumia kimyakimya kabla ya siku ya kuvunjika. Ufa ukiwa mpya na safi, skrubu peke yake inatosha kwa wengi, na kuongeza kidonda cha nyonga ni kumwongezea mgonjwa maumivu bila sababu.

Jambo la tatu ni kalenda. Mwaka 2002 wapasuaji waliochunguza wagonjwa 15 waliowekewa skrubu walikuta 6 wameshindikana, na kilichotabiri kushindikana ni kurudi kwenye shughuli kamili kabla picha haijaonyesha mfupa umeunga wote. Ripoti nyingine, ya mwaka 2016, ilihusu wachezaji 10 wa NBA: walirudi kwa wastani wa wiki 9.8, na watatu wakavunjika tena. Watatu kati ya kumi, katika mikono ya wapasuaji wenye kila kifaa. Siku 47 za Durant ni chini ya wiki saba. Maumivu yalikuwa yameshaondoka, na maumivu ni shahidi dhaifu kwa mfupa huu, kwa sababu skrubu ikituliza ufa mgonjwa anajisikia mzima wiki nyingi kabla mfupa haujawa mzima. Ndiyo maana kwa mchezaji ningeomba siti skani kabla ya kumruhusu, kwa kuwa kwenye eksirei ya kawaida chuma kinaficha nusu ya ufa.

Wapenzi wa soka watamkumbuka Neymar. Metatarsali ya tano ya mguu wa kulia iliumia Februari 2018 dhidi ya Marseille, akapasuliwa Belo Horizonte tarehe 3 Machi, akarudi kwa wakati kwenda Kombe la Dunia Urusi. Januari 2019, dhidi ya Strasbourg, mfupa uleule ukaumia tena. Safari hiyo hawakupasua, walimpumzisha takriban wiki kumi. Mfupa ni uleule na jina ni kubwa vilevile, lakini wale waliomtibu waliona kilichohitajika ni muda.

Na kuna umbo la mguu, jambo linalosahaulika kwa sababu haliko ndani ya kidonda. Mtu ambaye kisigino chake kimelalia ndani, mwenye wayo wenye upinde wa juu sana, anatembelea ukingo wa nje maisha yake yote. Ukimwekea skrubu nzuri kuliko zote kisha ukamrudisha kwenye mguu uleule na kiatu kilekile, umeacha sababu ya kwanza ikiwa hai. Mwangalie akisimama, umwangalie kwa nyuma. Soli yenye kabari upande wa nje ni kitu cha bei ndogo. Kwa wachache, kisigino chenyewe kinahitaji kukatwa na kunyooshwa.

Kwa mgonjwa wangu wa kawaida, fundi wa ujenzi au dereva wa bodaboda, ulinganisho unaanza na swali la mashine. Ukumbi usio na eksirei ya ndani si mahali pa kujaribu skrubu ya Jones kwa kubahatisha. Hapo ni plasta, magongo, na kutokanyaga kabisa, kisha rufaa picha ya wiki ya nane ikiwa haijabadilika. Mwenye mashine na skrubu za saizi zote achague skrubu. Na akishaiweka, amwambie mgonjwa mapema, kabla hajaanza kutembea bila maumivu, kwamba siku ya kuacha magongo itaamuliwa na picha. Mimi huwa naichora. Nachukua kalamu, nachora mfupa, nachora ufa, nachora skrubu, kisha namwonyesha pale ambapo mishipa miwili ya damu inakutana ikiwa imechoka.

Durant alirudi msimu wa 2015/16. Alicheza michezo 72, wastani wa pointi 28.2.